Pazia Kati Yangu na Darasa

Jumatano, 8 Aprili

Israa ameniletea daftari hili kutoka kwake Mishomoroni. "Andika, mama," akasema, "kabla hujamla wifi yako." Mtoto wangu ananijua. Wiki mbili sasa tangu tumzike babake, na tangu siku ile niko ndani ya eda: nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutoka wala kuonana na wanaume wa kando mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Wifi yangu Hadeel, dada wa marehemu, amehamia hapa kunilinda. Naye analinda kweli. Askari wa geti la bandari hawamfikii.

Sikatai eda. Barakat alikuwa mume wangu miaka ishirini na sita, na kwa sasa sina mahali ninapotaka kuwa isipokuwa humu, karibu na kofia zake. Lakini ng'ambo ya kichochoro kuna vyumba viwili vyenye mlango wa kijani. Humo wanasoma watoto viziwi, wa Bofu hii na wengine wanaotoka mpaka Mtongwe. Mlango huo niliufungua mimi, na funguo zake ziko hapa mezani, walimu wana nakala. Dirisha la chumbani linautazama. Hadeel anataka nilifunge.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Mtaro mbele ya darasa umeziba tena na sina wa kumkemea.

Jumamosi, 18 Aprili

Barua pepe kutoka kwa wakfu.

Hawa ndio wanaotulipia mishahara ya walimu wawili, chakula cha mchana na kodi ya vyumba, kwa miaka mitatu mitatu. Mitatu ikikaribia kwisha hutuma mtu aje aone, aandike alichoona, kisha bodi yao huketi huko ng'ambo mwishoni mwa Juni iamue. Safari hii anakuja Bwana Chrispine wa ofisi yao ya Nairobi, tarehe 14 Mei. Barua inaeleza kwa upole kwamba wakfu huo huo unagharamia mahema na madarasa ya wakimbizi katika nchi nne, vita vimeongezeka na fedha hazikuongezeka, kwa hiyo miradi ambayo matokeo yake hayaonekani wazi itaachwa.

Siwezi hata kukasirika. Nimkasirikie nani, mtoto anayesomea ndani ya hema?

Babu yangu aliacha nyumba yake ya Mtongwe iwe wakfu wa madrasa, na mpaka leo madrasa inakula humo, na babu haji kuuliza. Wakfu wa siku hizi una tarehe ya mwisho. Tukiachwa, mlango wa kijani unafungwa Agosti, na watoto wale watarudi kukaa mikekani majumbani kwao, wakitazama midomo ya watu wakubwa ikichezacheza.

Jumatatu, 27 Aprili

Shule zimefunguliwa. Nduku, mwalimu mkuu wetu, alipita jioni kunipa pole kwa mara ya tatu. Ni mwanamke wa Kikamba, wa Machakos, Likoni amekaa miaka tisa, na viatu vyake huviacha mlangoni bila kuambiwa.

"Mama Israa, huyo mgeni mimi nitampokea," alisema. "Sitafanya kitu kingine. Nitafundisha, yeye akae nyuma aangalie."

Nikamwambia tutaona. Hata hajafika mwisho wa kichochoro, Hadeel akaanza. "Wifi, mgeni wa heshima yuwaja mtaani petu, apokewe na mtu wa bara? Watu watasema Barakat hakuacha ndugu. Bassam yupo."

Bassam ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Naye pia si mtu wa kuonana nami katika eda, kwa hiyo husimama nje ya mlango, Hadeel akasimama katikati, na maneno yangu yakipita kwa Hadeel hutoka yamevaa nguo nyingine.

Nimekubali awe Bassam. Naandika hapa ukweli: niliona aibu. Nilitaka mgeni aone watu wetu walivyo.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Bassam ameuliza mlangoni nina wasiwasi gani. Nikasema: aone watoto wanasoma, basi. Hadeel akamwambia: "Asema mgeni asipungukiwe na kitu."

Sikumsahihisha. Nilichoka.

Alhamisi, 14 Mei

Ya Rabi.

Saa mbili asubuhi nilisikia vyuma vikigongwa. Nikaenda dirishani, Hadeel asitake, nikaenda. Kichochoro kizima kimefunikwa kwa turubai. Viti vya kukodi. Meza kuu yenye kitambaa cha dhahabu. Masufuria ya biriani juu ya kuni, na mtu anapepea udi. Na spika mbili ndefu kama makabati. Spika! Kwa watoto viziwi! Nilicheka, halafu nikaona sicheki.

Kwa kuwa kulikuwa na spika nilisikia kila kitu. Mtaa mzima tulisikia, isipokuwa waliofanyiwa sherehe. Watoto walikaa safu mbili, wavulana kanzu mpya, wasichana mashada ya asumini, mikono mapajani. Walikuwa wameambiwa wasichezeshe mikono mbele ya mgeni. Wale ambao mikono ndiyo midomo yao!

Bwana Chrispine ni kijana mrefu mwenye mkoba mgongoni. Nilimwona akitazama saa, akitazama mlango wa kijani. Mara ya kwanza Bassam alipomaliza kumkaribisha, alisema kwenye kipaza sauti, "Asanteni sana. Sasa tunaweza kuona darasa?"

"Bwana wee," Bassam akajibu, watu wakacheka, "mgeni hatazami kazi kabla hajala. Hapa Pwani."

Akala. Akaongezwa, akaongezwa tena, akaletewa sharubati, halua na kahawa. Wazee watatu wakazungumza. Kisha akauliza, "Na Madam Director? Nimeambiwa anakaa hapa karibu."

Bassam akakohoa kwenye kipaza sauti. Nilijua Bassam amekwama wapi. Atamwambiaje mwanamume asiyemjua habari za mjane wa kakake, hadharani, mbele ya wazee? Angeona amenivua nguo.

"Yupo," akasema mwishowe. "Yupo ndani."

"Mgonjwa?"

"La, hajambo kabisa. Yupo ndani tu."

Nilikaa kitandani. Nduku wakati huo alikuwa amesimama nyuma kabisa, amebeba sinia la vikombe. Wamemfanya mwalimu wangu mpagazi wa vikombe, na aliyewapa ruhusa ni mimi.

Mvua ikashuka saa nane, turubai likajaa tumbo, watu wakakimbia. Bwana Chrispine akawahi feri. Darasa hakuliona.

Bassam amekuja mlangoni jioni, furaha tele. "Mwambie shemeji mgeni ameondoka ameshiba."

Barakat angenishika bega na kuniambia, Mahfoudha, tulia. Nimemkosa mpaka meno yananiuma.

Ijumaa, 15 Mei

Sikulala.

Jumatano, 20 Mei

Barua ya wakfu imefika. Ya adabu, mistari michache. Mgeni wao hakushuhudia somo lolote. Watoto hawakuonekana wakiwasiliana. Fedha za sherehe zilitoka wapi? (Za Bassam mwenyewe, maskini, mfukoni mwake.) Na mkurugenzi, ingawa yu mzima na anaishi mkabala na mradi, hakutoka kumwona. Tuna la kueleza kabla bodi haijaketi tarehe 25 Juni?

Ijumaa, 22 Mei

Nimeanza kumjibu mara nne, nikafuta mara nne. Nitaandikaje? "Bwana Chrispine, mimi ni mjane, niko kitako, ndani ya eda"? Mambo ya ndani ya nyumba yangu, yasomwe na watu mezani ng'ambo? Mwisho nimeandika "sababu za kifamilia" na kuomba radhi. Nilipoituma tu nikaona hata mimi ningeisoma nisingeiamini.

Najua sheria. Mwenye haja ya lazima hutoka mchana akarudi kwake, vitabu vinasema. Lakini mtaa hausomi vitabu, na Hadeel ndiye mtaa, na mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, nikifika kizingitini nageuka narudi.

Jumatano, 27 Mei

Idd ya kuchinja. Ya kwanza bila yeye. Sina la kuandika.

Jumapili, 31 Mei

Hadeel amerudi dukani na habari. "Huyo Mkamba wako yuwazungumza simuni na yule bwana wa Nairobi. Nimemsikia kwa masikio yangu, 'Ndiyo Bwana Chrispine, hapana Bwana Chrispine.' Wewe kaa hapa na tasbihi yako. Utatoka edani ukute shule ina mwenyewe."

Nikamwambia aache. Moyoni sikuacha. Kwa nini hakuniambia? Amekuja hapa Alhamisi, amekunywa chai yangu, amezungumza habari za chaki.

Jumanne, 2 Juni

Nduku hakupita. Mvua.

Jumatano, 3 Juni

Hakupita. Nimechungulia dirishani hadi shingo imekakamaa. Nikamwona akitoka, akatazama juu kwangu kidogo, akafungua mwavuli. Nani anatazama hivyo kama hana kitu moyoni? Nimezihesabu funguo kana kwamba zina miguu.

Ijumaa, 5 Juni

Mvua ya usiku kucha. Alfajiri mtaro umetapika. Saa moja nilisikia hodi, ni Nduku, amelowa mpaka kiunoni, viatu ameshika mkononi.

"Mama Israa, hii maji imeingia darasani. Vitabu nimepandisha juu. Lakini watoto wanakuja na sina pahali pa kuwaweka. Nikiwarudisha leo, wazazi wengine hawatawaleta tena."

Kabla sijajua nimesema: "Walete hapa ukumbini."

"Hapa?" Hadeel aliruka. "Nyumba ya eda? Na mwalimu wa kiume?" Maana mwalimu wa pili, Mwidani, ni kijana wa watu, mpole, lakini mwanamume.

"Utundike pazia katikati," nikamwambia. "Nyumba hii ni ya Barakat, na Barakat angekuwa ameshawafungulia zamani, wewe unajua."

Akaenda kutafuta misumari.

Jumatatu, 8 Juni

Pazia ni lile la harusi yangu, zito, la maua. Mimi huku na mswala, wao kule. Nilidhani nitawasikia. Nimesahau ni darasa gani. Nasikia miguu, kiti kikisogea, kicheko bila maneno, kiganja cha Nduku kikipiga sakafu ili wahisi mtikisiko wamtazame. Miaka yote mimi nilikuwa mtu wa ripoti na ofisi. Ishara nilijifunza za kutosha kuagiza na kukemea tu. Barakat ndiye aliyekuwa akienda kila Ijumaa baada ya swala kukaa nao. Walimpa jina: vidole viwili juu ya mdomo, kwa ajili ya masharubu. Langu mimi ni kugeuza ufunguo.

Hadeel ametengeneza chai ya watoto wote. Asema ni kwa sababu wamelowa.

Alhamisi, 11 Juni

Wapo bado. Maji hayajapwa. Kuhusu simu sijamuuliza Nduku. Kila siku nasema leo.

Jumanne, 16 Juni

Niandike taratibu.

Saa nne mvua ilikuwa inanyesha kweli. Hodi mlangoni, sauti ya kiume. Hadeel akaenda akidhani ni Bassam. Ni Bwana Chrispine, hana mwavuli, suruali ameikunja.

"Habari ya hapa. Mwalimu Nduku aliniambia nije siku yoyote bila kuwajulisha. Naweza kukaa nyuma?"

Kumbe! Damu ilinipanda. Amemwita bila kuniambia, nyumbani kwangu, ndani ya eda yangu. Hadeel alichungulia pazia na kunipa jicho la "nilikwambia".

Nikasikia Nduku akisema, si kwa haraka, "Karibu. Mkurugenzi yuko nyuma ya hii pazia. Amefiwa na mume. Kwa dini yao mjane anakaa ndani kwa muda, haonani na wanaume. Nilikueleza kwa simu. Hapa hakuna mtu alikuwa anakuficha kitu, walikuwa wanaona haya kukwambia."

Kumbe ndilo alilokuwa akilisema simuni. Nilijifunika uso kwa mtandio hali hakuna anayeniona.

"Madam," akasema yule kijana, sauti imeshuka, "pole sana. Mimi niliandika vile niliona."

"Hukukosea," nikajibu kupitia maua ya pazia. "Tulikukirimu mpaka ukashindwa kutuona. Keti. Mwalimu, endelea."

Akaendelea. Nikakaa na tasbihi, siswali, simsikii mtu, nasikia kiganja sakafuni. Nikawaza: anaona nini? Anaelewa? Au yuko kwenye simu yake?

Mara pazia likavutwa.

Ni Nafula. Ana miaka minane, babake ni kuli wa Changamwe aliyehamia huku. Alipofika kwetu hakuwa na jina hata moja la kitu, hata maji. Amelivuta pazia hadi mwisho, pete zimelia juu ya fimbo, na mimi niko wazi katikati ya ukumbi na nguo zangu nyeupe, mbele ya wanaume wawili wa kando. Hadeel alipiga kelele. Nilivuta mtandio mpaka machoni. Mwidani akatazama sakafu. Na Bwana Chrispine, ambaye hakuna aliyemfundisha, aligeuka papo hapo akasimama uso umekabili ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Hata hivyo Nafula hakutazama yeyote kati yao. Kwake pazia si adabu. Kwake aliye nyuma ya pazia ni mtu aliyekataa kuzungumza. Akanijia karibu, akauliza kwa mikono:

Ufunguo, umetukasirikia?

Nikatikisa kichwa.

Mbona unajificha? Akaweka vidole viwili juu ya mdomo. Masharubu yuko wapi?

Hakuna aliyewaambia! Mtaa umekuja kuhani msiba, wasomaji wamesoma, khitma imepita, na watoto waliokuwa wakimngoja kila Ijumaa hakuna aliyewaketisha akawaambia. Mimi pia sikuwaza. Nilitazama nyuma yake, wote wamegeuka, mikono kimya, wakiningoja mimi.

Nikaachia mtandio, maana mtandio huzuia mikono. Ishara zangu ni za kukemea tu, lakini hizi nilizijua. Masharubu amekufa. Ninahuzunika. Sijawakasirikia. Neno hilo, amekufa, sikuwa nimelisema bado, tangu Machi. Kwa mdomo nilisema ametutangulia, amerudi kwa Mola wake, yote yale ya heshima. Kwa mkono neno hilo halina shela.

Nafula alifikiri. Kisha akauliza: Nani anakupa chai?

Nikaonyesha Hadeel. Hadeel alikuwa analia wazi, ameshika pembe ya pazia na hajui alifunge au aliache.

Nikamsikia Nduku akimfasiria Bwana Chrispine yote hayo, neno kwa neno, naye mgeni bado amekabili ukuta. Hakugeuka mpaka Hadeel aliporudisha pazia. Kisha akauliza, "Huyu msichana ameanza lini kuuliza maswali?"

"Huyo mwulize Nduku," nikasema. "Mambo yote ya darasa mwulize Nduku. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo, isipokuwa mimi nilikuweka chini ya turubai ukala biriani."

Walizungumza saa nzima. Mimi sikuongeza neno.

Alipoondoka, Nduku alikuja upande wangu. "Mama Israa, nilitaka kukuambia kuhusu ile simu. Kila nikija Bi Hadeel amekaa hapa, nikaogopa mtanikataza."

"Tungekukataza," nikasema. "Wallahi tungekukataza."

Alhamisi, 25 Juni

Leo bodi inaketi. Huko kwao ni asubuhi, au mchana, Israa alinieleza nikasahau. Sijala. Nafikiria meza ndefu, sisi upande huu, mahema upande ule, na watu wema wakichagua.

Jumapili, 28 Juni

Kimya. Masika yanakwisha, matone tu.

Alhamisi, 2 Julai

Wamejibu. Mwaka mmoja. Si mitatu, fedha nyingine zimekwenda kwenye mahema, na wameomba radhi. Mwaka mmoja, na sharti moja: mkuu wa mradi awe mtu aliye darasani kila siku.

Nilikaa nikaisoma, nikasubiri kuumia. Imeniuma, nisiseme uongo. Kisha nikamwita Hadeel aniitie Nduku.

Bassam alisikia, akaja mlangoni. "Shemeji," alisema moja kwa moja, bila kupitia kwa dada yake, "mimi ndiye niliyeharibu?"

"Ulimheshimu mgeni, Bassam. Mwakani akija, mwache kwanza aone." Nikamsikia akivuta pumzi.

Mwaka mmoja ni mfupi, na hofu imeshaanza kuhesabu.

Alhamisi, 30 Julai

Eda imekwisha. Israa alikuja mapema kunipaka hina. Nimeoga, nimevaa buibui, nimejifukiza udi kidogo tu. Hadeel alinisindikiza mpaka kizingitini akaniambia, "Nenda basi, wataka nikubebe?" Asubuhi hiyo hiyo nilimwona akimuuliza mtoto mmoja mlangoni, kwa mikono, kama chai ina sukari.

Nimevuka kichochoro peke yangu. Darasa limesharudi kwake, na mlango wa kijani una alama ya maji mpaka magotini. Nduku alikuwa anafundisha, hakusimamisha somo, aliniashiria kwa kichwa tu niingie, nami nikamwekea funguo mezani pake nikaenda kukaa nyuma.

Kuna mtoto mgeni, wa wiki hii, hajui kitu. Nafula alikuwa amekaa naye akimtajia watu mmoja mmoja. Aliponifikia mimi nikajiandaa kuona ule mkono unaogeuza ufunguo. Hakugeuza. Alishika hewa kwa kiganja, akaivuta kando polepole, kama mtu afunguaye pazia, kisha akanielekeza.

Yule mgeni akajaribu. Akakosea. Nikanyoosha mkono kumwonyesha jina langu.